Sikukuu ya Uhuru Mbarara na Nakivale: Mstari Mmoja, Hatua Moja

Kila mwaka ifikapo tarehe 9 Oktoba, wananchi wa Uganda huikumbuka siku ile ya mwaka 1962 ambapo bendera ya Mwingereza iliteremshwa, na bendera yetu ya rangi nyeusi, manjano na nyekundu, yenye korongo mwenye taji katikati, ikapandishwa mahali pake. Magazeti aghalabu huandika habari za sherehe kubwa ya taifa, za wageni waheshimiwa na hotuba zao. Lakini sikukuu hii ina sura nyingine isiyoandikwa sana, nayo ni ile ya wilayani, ambako baba huwashika watoto mkono, mama akabeba kikapu, nao wote wakaenda kutazama gwaride.

Sisi tulio katika kazi ya uhusiano wa jeshi tumezoea kuliona gwaride kwa upande wa ndani: orodha za vikosi, saa za kuwasili, mahali pa kusimama wapiga picha. Mara hii tulipata ruhusa ya siku moja, tukaenda kama watazamaji pamoja na jamaa yetu, yaani mama watoto, watoto watatu, na bibi yetu mzaa baba, ambaye umri wake umepita miaka 80. Siku hiyo tuliona magwaride mawili, moja asubuhi katika mji wa Mbarara, na la pili alasiri katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Ni hayo mawili, na yale yanayoyaunganisha, tunayotaka kuyaeleza hapa.

ASUBUHI YA SIKUKUU

Mbarara ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, lakini ina bado tabia njema za mji mdogo. Watu hujuana, na mtu akipita na wageni huulizwa ni wa ukoo gani. Tuliondoka nyumbani mapema, maana gwaride halimngoji mtu. Mama watoto alikuwa amekwisha tia kikapuni ndizi zilizopikwa na kufungwa katika majani ya mgomba, chupa ya bushera, na chombo kidogo cha eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli ambao Mnyankole hawezi kuuacha nyumbani siku ya furaha.

Njiani tuliwakuta wanafunzi wakienda makundi makundi, sare zao zimepigwa pasi hata mikunjo yake ikasimama. Vijana wa bodaboda walikuwa wamefunga bendera ndogo kwenye usukani. Wauza chapati walikuwa wamewasha makaa tangu alfajiri, nao walikuwa wakikunja mayai ya kukaanga ndani ya chapati, na foleni ya wateja wao ilikuwa na nidhamu kuliko foleni ya kuingia uwanjani.

Hatukukaa jukwaani. Tulipata nafasi ubavuni, chini ya mti, mahali ambapo mtoto aweza kuona miguu ya wapigao gwaride. Bibi tulimtandikia mkeka. Mbele yetu vikosi vilikuwa vimekwisha jipanga: askari wa jeshi, polisi, askari magereza, kisha skauti, na mwisho wanafunzi wa shule mbalimbali, warefu mbele na wafupi nyuma. Bendi ilipoanza kupiga, mtoto wetu wa mwisho, ambaye ana miaka 4, aliziba masikio, akayafungua, akaziba tena, mpaka akaamua kwamba kelele hiyo ilikuwa nzuri.

SIRI YA MSTARI

Mtoto akitazama gwaride huuliza maswali ambayo mtu mzima ameyasahau. Wa kwetu wa kati, mvulana, alitaka kujua ni vipi watu mia waweza kukanyaga kwa wakati mmoja bila ya kutazamana. Tulimwambia asikilize ngoma kubwa. Ngoma ile hupigwa mguu wa kushoto unapokanyaga, na kwa mwendo wa haraka hatua huwa kiasi cha 116 hadi 120 kwa dakika. Askari hahitaji kumtazama mwenzake. Masikio yake yanamtosha. Tangu hapo mvulana hakusema neno, alikuwa akihesabu.

Dada yake, mwenye miaka 9, aliona jambo jingine. Kila kikosi kilipofika mbele ya mgeni wa heshima, vichwa vyote viligeuka kulia kwa mara moja, isipokuwa vya wachache wa ukingo wa kulia, ambao waliendelea kutazama mbele. "Baba," akauliza, "mbona wale hawamheshimu mgeni?" Tulifurahi kwa swali hilo, kwa kuwa hili ni somo ambalo kila kuruta hulipata, na watazamaji wengi hawalijui. Yule wa ukingoni hageuzi uso kwa sababu ndiye anayeushika mstari. Wenzake wote wametazama kando kwa heshima, naye ndiye anayetazama waendako. Angegeuka naye, mstari wote ungepinda. Heshima yake yeye ni kuwaongoza wenziwe wasipotee.

Twaona yafaa wazazi wawaeleze watoto mambo kama haya. Gwaride likitazamwa bila ya maelezo ni viatu na tarumbeta tu. Likielezwa, huwa ni darasa ambalo mtoto hujifunza kwamba mtu mmoja hawezi kuwa mstari, na kwamba aliye mfupi naye ana nafasi yake, maana mwendo wa kikosi hupimwa kwa hatua ambayo wote wataiweza.

MJI ULIOONA MENGI

Bibi alitazama yote kwa utulivu. Kikosi cha jeshi kilipopita karibu nasi, ardhi ikatikisika kidogo, alisema: "Mjukuu wangu, zamani tuliposikia kishindo cha viatu hivi tuliwaita watoto ndani tukafunga mlango. Leo mmeniletea mkeka nitazame."

Neno hilo lilituingia, kwa sababu historia ya Mbarara inalithibitisha. Mji huu umekaa na kambi ya Simba ubavuni mwake kwa miaka mingi, na si miaka yote iliyokuwa ya heri. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka mwezi wa Januari 1971, askari wengi wa Kiacholi na Kilangi waliuawa makambini, na kambi ya Mbarara ilikuwa miongoni mwa hizo. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Wamarekani wawili, Nicholas Stroh na Robert Siedle, waliokuja kuchunguza mauaji hayo, waliuawa Mbarara. Tarehe 17 Septemba 1972 Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia kutoka Tanzania wakaishambulia kambi hiyo, wakashindwa. Mwishoni mwa Februari 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yaliuteka mji, na majengo yake mengi yakabomolewa.

Kwa hiyo mtu wa makamo wa Mbarara anapowaleta wajukuu wake kutazama askari, hafanyi jambo dogo. Anatoa imani ambayo wengine kabla yetu waliipoteza. Askari anayepita mbele yake akiinua goti hana budi kulijua hilo, tena alijue kuliko anavyoijua namba ya bunduki yake.

Bibi alikumbuka na mwaka mwingine, ambao haukuhusu viatu vya askari peke yake. Mwezi wa Oktoba 1982, taifa lilipokuwa limetimiza miaka 20 ya uhuru, katika wilaya ya Mbarara ya wakati huo walifukuzwa watu wenye asili ya Rwanda kwa maelfu, wakimbizi na wasio wakimbizi. Nyumba zilichomwa na ng'ombe wakatwaliwa. Wengine walivuka mpaka kwenda Rwanda, wengine wakakimbilia katika makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwa mojawapo. Bibi alisema aliwaona majirani aliobadilishana nao maziwa na mtama wakipita na vitanda vichwani. "Wakati ule," akasema, "tulihesabiana, na wao wakahesabiwa nje."

NJIA YA KWENDA NAKIVALE

Baada ya chakula cha mchana tulishika barabara ya lami iendayo Isingiro na Kikagati, mpakani mwa Tanzania. Pande zote mbili ni migomba, kilima baada ya kilima, maana Isingiro ndiyo inayolisha masoko mengi kwa ndizi. Kisha tukaiacha lami. Mwezi wa Oktoba ni wa mvua, na gari lilikwenda kwa adabu.

Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi katika makazi hayo alikuwa ametualika. Tulijuana naye wakati wa kazi za Tarehe Sita. Jina hilo la Kiswahili hutumika Uganda nzima, hata na watu wasiojua neno jingine la lugha hii, nalo lakumbusha tarehe 6 Februari 1981, siku kikundi kidogo cha wapiganaji kilipoishambulia kambi ya Kabamba. Kila mwaka jeshi huikumbuka siku hiyo kwa kutibu wagonjwa, kusafisha masoko na kutengeneza majengo ya umma. Yafaa ikumbukwe pia kwamba miongoni mwa waliokuwa Kabamba siku ile walikuwamo Fred Rwigyema na Paul Kagame, vijana wawili walioletwa Uganda wangali wadogo, wakalelewa katika kambi za wakimbizi. Wa kwanza alipanda hadi kuwa Meja Jenerali na naibu waziri wa ulinzi wa Uganda, akafa vitani Oktoba 1990. Wa pili ni Rais wa Rwanda tangu mwaka 2000. Historia ya jeshi letu, kwa hiyo, haiwezi kusimuliwa bila ya watoto wa ukimbizini.

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyo makongwe zaidi katika Afrika. Yalianza mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, ili kuwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao. Yako kando ya ziwa Nakivali, na eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 185. Idadi ya wakaao humo imepita watu 150,000. Walio wengi ni Wakongo. Kisha wako Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Hakuna ukuta wala seng'enge. Mkimbizi hupewa mahali pa kujenga, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 humruhusu kufanya kazi na kusafiri nchini. Vijiji vingine vimepewa majina ya kukumbusha nyumbani: kuna Kigali, na kuna New Congo.

Tukiwa garini tulihesabu pamoja na watoto sikukuu za uhuru za nchi hizo. Kongo ni 30 Juni 1960. Somalia ni 1 Julai 1960. Rwanda na Burundi ni 1 Julai 1962. Mataifa manne katika siku mbili za kalenda! Na Rwanda ilipopandisha bendera yake, baadhi ya watu wake walikuwa wamekwisha kufika Nakivale. Kwao sikukuu ya nchi yao ilianza wakiwa ugenini.

GWARIDE LA DUMU

Shule haikuwa na bendi. Ngoma yake kubwa ilikuwa dumu la plastiki la manjano, la kuchotea maji, na mpigaji wake alikuwa msichana wa darasa la sita mwenye mikono ya chuma. Lakini alijua kanuni, dumu lililia mguu wa kushoto ulipokanyaga. Mvulana wetu alikuwa wa kwanza kugundua, akatuvuta mkono kutuonyesha. Wengine katika mistari walivaa viatu vyeusi, wengine kandambili, wengine hawakuwa na kitu miguuni. Bunduki hazikuwapo, hata za mti. Kila darasa lilibeba bendera moja ndogo ya Uganda iliyochorwa kwenye karatasi.

Mwalimu wa gwaride alitoa amri kwa Kiswahili, naye alitueleza sababu yake bila ya kuzunguka. Darasani mwake wamo watoto wanaosema Kinyabwisha, Kirundi, Kisomali, Kibembe na Kinyankole. Kiingereza wanajifunza bado. Kiswahili ndicho wanachokitumia sokoni na kisimani, na ndicho kinachowafanya wageuke wote upande mmoja.

Binti yetu aliomba aingie mstarini. Tulisita, maana sare yake ilikuwa tofauti, lakini mwalimu akamwingiza katika safu ya tatu, na msichana mmoja wa huko akamvua sweta lake la shule, akamvika la kwake. Dumu likalia, na mistari ikaanza kuzunguka uwanja. Walipofika upande wa pili tulimtafuta kwa macho tusimwone. Mama watoto naye akatafuta. Bibi, ambaye macho yake si mazuri, alicheka akasema hakuna haja, watoto wa watu wote ni hao. Tulimtambua tu walipofika karibu, kwa sababu alikuwa amesahau kugeuza kichwa. Yeye alijiona ndiye wa ukingoni.

Bibi alikalishwa karibu na mwanamke mzee wa hapo, wakaamkiana kwa Kinyankole. Mwanamke yule alifika Nakivale Oktoba ile ya mwaka 1982. Hawakujuana kabla. Waliongea kwa sauti ya chini mpaka gwaride lilipokwisha, na eshabwe iliyobaki kikapuni ikaishia kwao.

TAREHE ILIYOMO KATIKA KATIBA

Yako mambo ambayo mtazamaji wa gwaride la Nakivale hana budi kuyajua. Katika mstari ule hapakuwa na tofauti kati ya binti yetu na wenzake. Nje ya mstari tofauti ipo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 12, yampa haki ya kusajiliwa kuwa raia mtu aliyezaliwa nchini na kuishi humu mfululizo tangu tarehe 9 Oktoba 1962. Lakini haki hiyo haimhusu yule ambaye, wakati wa kuzaliwa kwake, mzazi wake au babu yake au bibi yake alikuwa mkimbizi nchini. Kwa hiyo tarehe hii tuishangiliayo ni mlango pia, na mlango huo haufunguki kwa wote. Mtoto wa Nakivale huweza kuzaliwa Uganda, na mama yake pia akawa amezaliwa Uganda, naye akaimba wimbo wa taifa kila asubuhi kuliko wengi wetu, lakini kuzaliwa huko peke yake hakumpi uraia.

Kubadili sheria ni kazi ya Bunge, si ya askari, na hapa hatumfundishi mbunge kazi yake. Tunachosema ni kwamba anayepiga gwaride la uhuru bila ya kuwa na hakika ya uraia hutoa heshima isiyo na malipo. Heshima ya namna hiyo ni tukufu, na taifa lililoipokea halina ruhusa ya kuidharau. Bibi aliyaona ya mwaka 1982, na hakuna mwenye akili atakaye yarudi.

WIMBO WA LUGHA YETU

Katika sherehe za serikali nchini Uganda huimbwa wimbo wa taifa, na baada yake wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliokubaliwa mwaka 2010. Wimbo huu wa pili ni wa Kiswahili. Mbarara asubuhi tuliusikia ukianza kwa nguvu na kudhoofika kadiri ulivyoendelea, maana wengi waliokuwapo hawayajui maneno yake. Kwa miaka mingi Kiswahili nchini Uganda kilihesabiwa kuwa lugha ya kambini, na waliopata mateso ya askari walikichukia pamoja na waliokisema. Mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini mazoea hayabadiliki kwa azimio.

Nakivale alasiri wimbo uleule uliimbwa wote, tangu mwanzo hadi mwisho, na mpiga dumu ndiye aliyeuongoza. Watoto wale wanaujua kwa kuwa lugha yake ni yao. Tena, Jumuiya yenyewe imekwenda kuwakuta: Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Mtoto huyo, asiyehesabiwa raia pale alipozaliwa, wimbo wa Jumuiya wamhesabu. Ikiwa siku moja Afrika Mashariki itakuwa kitu kimoja kweli kweli, basi watu wa Nakivale wamekwisha ifanyia mazoezi kwa zaidi ya miaka 60.

LILILO KATIKA UWEZO WETU

Tukirudi kwenye gwaride, yako mambo yasiyongoja sheria mpya. Kamati za sherehe za wilaya zaweza kuzialika shule za makazi ya wakimbizi zipite mbele ya jukwaa pamoja na shule nyingine, na zikaweka fungu la nauli, kwa sababu mwendo wa kutoka Nakivale si wa kutembea kwa miguu. Walimu wa Mbarara waweza kuwafundisha wanafunzi wao maneno ya wimbo wa Jumuiya kabla ya sikukuu ijayo. Wakihitaji mwalimu, yuko msichana wa darasa la sita. Wazazi waweza kuwaleta watoto pamoja na bibi na babu zao, ili mtoto aone gwaride na mzee aeleze lilikotoka.

Nasi askari tunalo letu. Hatua zetu husikika mbali, na kila mlango ulio karibu nasi una mtu ndani anayepima kama aufungue au aufunge. Wa Mbarara wameufungua. Kazi iliyobaki ni kupiga hatua kwa namna ambayo hata yule wa Nakivale, mwenye kandambili na bendera ya karatasi, atajua kwamba mstari huu ni wake naye.